Moteur ya Kutafuta Watu

Mado alirudi kutoka paroisse, yaani parokiani, mchana, na kabla hajafunga lango akaniita kwa sauti: "Papa, moteur de recherche imefika!" Maneno hayo yalitosha kumpandisha jirani yetu Germain juu ya paa.

Alipanda kweli. Alikuwa upande wa pili wa ukuta akigonga soli ya kiatu, akasikia, akaacha kiatu, akabeba nyundo. Nilipochungulia, alikuwa ameanza kung'oa misumari ya mabati.

Kwetu Likasi, mwaka ule wa 1999, kila mtu alijua maana ya recherche. Ni lile neno linaloandikwa juu ya picha ya mtu anayesakwa, kisha picha inabandikwa ukutani. Na moteur ni moteur. Basi mashine ya kusaka watu imefika mjini, tena imefikia kwa padri, mahali ambapo hakuna atakayeitilia shaka.

Germain alikuwa na sababu. Jina lake la kweli ni Mukendi. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mjini kwetu, wakalala kituoni wakingoja treni, yeye alibaki na mke wake Henriette na kuchukua jina la baba mkwe, Banza. Sisi wazee tuliojua tulinyamaza. Waliopanda treni waling'oa mabati yao wakayabeba, na tangu hapo mtu akianza kung'oa bati, jirani haulizi anakwenda wapi.

"Shuka!" Henriette alikuwa akipiga kelele. "Minye siendi popote! Mvua ikikuja nilale mu sufuria?"

"Basi bakia. Minye siwangoji banikamate ku kitanda."

Niliona kinachovunjika pale si paa peke yake. Nikamwita.

"Germain, unakimbia moteur hata hujaiona? Minye nilitengeneza moteurs za kiwanda cha Shituru mpaka bakanipa pensheni. Moja ilikuwa na kiburi, haiwaki mpaka uiimbie kwa Kibemba. Hakuna moteur siwezi kuzima."

"Vieux Léon, acha bongo zako."

Vieux ni mzee, na bongo, kwetu, ni uongo. Niliipokea kama sifa.

"Twende tuione. Kama iko mubaya, nitakata mukanda yake."

Alishuka, lakini nyundo hakuiacha.

Père Joachim, paroko wetu, alikuwa ofisini na Mado. Mado ni binti wa marehemu mdogo wangu, nami ndiye niliyemlea; anamfanyia padri kazi za kuandika. Mezani palikuwa na kompyuta iliyoungwa na simu ya satelaiti, zawadi ya wafadhili wa Ubelgiji. Nilizunguka meza. Niliinama chini yake. Hakuna tangi, hakuna mkanda, hakuna hata harufu ya mafuta.

"Moteur yenyewe iko wapi, mon Père?"

"Iko Amerika, Papa Léon."

Germain alinikanyaga mguu. Moteur iko Amerika, na inaweza kumtafuta mtu wa Likasi! Mambo yalikuwa mabaya kuliko tulivyofikiri.

"Haiko inatafuta bantu," Mado akasema. "Inatafuta maneno. Watu wa kila mahali wanaandika kurasa, yenyewe inapita, inasoma, inaweka alama neno gani liko wapi. Kama pale mwisho wa kitabu cha nyimbo: unajua neno la kwanza, unapata wimbo."

"Na kama muntu hakuandikwa?" Germain aliuliza.

"Haimujui."

"Na kama baliandika bongo?" niliuliza mimi.

"Itakuletea bongo, papa. Yenyewe haijui kweli. Ni weye utaangalia nani aliandika, na alitoa wapi."

Germain alitazama mlango, kisha dirisha, kisha padri.

"Andika Germain Mukendi," alisema chinichini. "Wa Likasi. Njo minye."

Vidole vya Mado vilisimama. Yeye alimjua kama papa Banza tu. Kisha akaandika. Lakini mimi nilimwona Père Joachim akivua miwani na kuifuta, na haikuwa na vumbi.

Majibu yalishuka taratibu kama maji ya bomba letu. La kwanza lilikuwa ukurasa wa wafadhili wale wale wa Ubelgiji. Mado akaufungua, akatusomea:

"Germain Mukendi, fundi viatu wa Likasi, anaishi kwa jina la Banza. Mwaka 1993 alijificha wiki tatu ndani ya bomba la moshi la kiwanda, akila popo."

Chini yake palikuwa na jina la aliyeandika: Père Joachim.

"Mon Père," Germain alisema polepole. "Moteur haikunitafuta. Ni weye ulinipeleka."

"Ilikuwa barua tu, ya mwaka jana. Henriette alinieleza habari yenu alipokuja na Papa Léon kuomba unga. Nami nikaandika ili watusaidie. Sikujua kama wataiweka huko."

"Na minye, uliniuliza?"

Padri alivaa tena miwani.

"Na hii ya popo? Minye nilijificha chini ya kitanda ya mama mukwe! Popo ilitoka wapi?"

Wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa nachunguza waya za simu, kazi inayotaka utulivu.

"Vieux!"

"Kitanda cha mama mkwe hakileti unga," nilisema.

Mado hakucheka. "Papa, mwingine ataichukua aweke ku ukurasa wake, na mwingine achukue kwa yule. Kesho ni watu watatu banasema popo, na wote walitoa kwako."

Père Joachim aliketi akaandika ujumbe mbele yetu: waondoe jina na habari yote. Germain alimtaka ausome kwa sauti. Kisha akamtaka Mado ausome pia, maana padri anaweza kusoma kisichoandikwa.

Jibu lilikuja baada ya siku chache: wameondoa. Germain hakuliamini, tukarudi. Mado akaandika jina. Mstari ule ulikuwa pale pale, wa kwanza! Germain alirudi nyuma mpaka ukutani. Mado akaufungua: ukurasa haupo.

"Ukurasa umetoka, lakini moteur bado inakumbuka," alisema. "Ikipita tena ikute hapana kitu, itasahau."

"Itapita siku gani?"

"Sijui, papa Germain."

Siku hiyo alirudisha mabati, Henriette akishika ngazi. Bati moja tu, la juu ya mlango, hakulipigilia. Aliliwekea jiwe.

"Na lile?" nilimuuliza.

"Lile ni la moteur. Ikisahau, nitapiga musumari."

Mvua zimeanza. Kila Mado akirudi kutoka paroisse, sauti inamngoja ng'ambo ya ukuta: "Bado?"

"Bado, papa."

Kisha tunamsikia Henriette akisukuma beseni lake chini ya bati.