Ukurasa Usio na Mtu

Siku Zlatina aliporudi kazini baada ya kumzika mwanawe, Ndugu Haralampi, mkuu wetu wa idara, alimpa mkono, akasema pole, kisha akamwuliza kama taipureta yake inahitaji utepe mpya wa wino. Nilitamani kumrushia kiti. Zlatina akamjibu kwamba utepe uliopo unatosha, akavua koti, akaketi, akaanza kupiga.

Tulikuwa chumba kimoja mimi na yeye, ghorofa ya tatu ya shirika la uchapishaji hapa jijini Sofia. Watu wa riwaya na mashairi walikaa ghorofa ya kwanza, kwenye mazulia na mkahawa. Sisi tulitupiwa vitabu ambavyo hakuna anayevisoma ila kila mtaalamu anavihitaji: vitabu vya rejea vya takwimu na uwezekano, kwa ajili ya watafiti wa hospitali, wa mashamba na wa viwanda. Mimi, Radka, nilikuwa msahihishaji. Yeye alikuwa mpiga chapa, na mkono safi kama wake sijauona tena.

Mwaka ule tulikuwa tunaandaa toleo jipya la kitabu cha majedwali cha Profesa Tanchev. Sehemu ya mwisho ilikuwa ya tarakimu nasibu, yaani kurasa kwa kurasa za tarakimu zilizomwagwa bila mpangilio wowote, sifuri hadi tisa, safu kwa safu. Mtu wa kawaida akiziona anacheka. Lakini daktari anayejaribu dawa mpya hufungua ukurasa, akaweka kidole, na tarakimu zile ndizo zinazomwamulia mgonjwa yupi apewe dawa na yupi apewe kidonge kisicho na dawa. Akichagua mwenyewe, hata awe mwadilifu kiasi gani, atampendelea yule anayemwonea huruma. Profesa alipenda kusema, tena kwa sauti ya chini, kwamba kitabu chake ndicho kitu pekee nchini kisichoweza kuhongwa.

Tarakimu zenyewe zilitemwa na mashine moja ya taasisi yake, juu ya mikanda myembamba ya karatasi. Zlatina aliinakili mikanda hiyo kwa taipureta, kisha tunahakiki: yeye anasoma mkanda kwa sauti, mimi nafuatilia ukurasani kwa penseli. Nne, sifuri, sifuri, tisa, moja. Kutwa kucha hivyo. Wenzetu waliopita koridoni walituita watawa, eti tunasali. Ukurasa ukishahakikiwa, mkanda wake unagongwa muhuri na kupelekwa masjala, kwa sababu kanuni ilitaka kila ukurasa uwe na mkanda wake.

Ivaylo alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa jeshini, amebakiza majira yale ya baridi tu amalize utumishi wake arudi nyumbani, lori alilopanda na wenzake likatumbukia korongoni karibu na mji wa Sliven. Jeneza lilikuja limepigiliwa misumari, na afisa aliyelileta akakataza lisifunguliwe. Tangazo la kifo lenye picha yake nililibandika mimi: mlangoni kwa Zlatina, kwenye kituo cha tramu, na kwenye mlango wa shirika letu. Katika picha ile kijana alikuwa anajizuia kucheka.

Zlatina hakulia makaburini. Hakulia hata siku aliyoleta ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile ya kumkumbuka marehemu, akatugawia ofisini, kila mtu akala kijiko chake na kusema Mungu amrehemu. Ukimwuliza kitu, anakujibu. Ukimwekea chakula, anakula, usipomwekea, hali. Siku moja nilimwuliza anajisikiaje. Akafikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa njia, akaniambia hajisikii kitu. Alisema ni kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi, ila mguu baadaye huanza kuchomachoma, na yeye bado anangoja.

Sikujua la kufanya, basi nikawa namletea supu ya maharage kwenye mtungi, na tunaendelea kusoma tarakimu.

Majuma machache baadaye alimaliza ukurasa mmoja akauweka moja kwa moja juu ya rundo la kurasa zilizokwisha. Nilikuwa nimeshika penseli, nimekaa tayari. Akaniambia huo ameshauhakiki peke yake. Nikatazama kishikio cha mikanda pembeni mwa taipureta yake, kitupu. Hatukuwahi kuhakiki peke yetu hata siku tulizokuwa na homa. Nikautia ukurasa sahihi yangu, nikanyamaza, na kama kuna mtu anaona nilipaswa kumhoji mama yule, aje anieleze angeanzia wapi.

Masjala ndio waliogundua. Mwezi wa tatu, kitabu kikiwa karibu kupelekwa mtamboni, Ndugu Haralampi alikuja chumbani kwetu na karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa kanuni, asiye mbaya wala mwema. Alisema kuna ukurasa usio na mkanda. Kama mkanda umepotea, ni uzembe, watakatwa mshahara wahusika. Lakini kama ukurasa umetungwa, basi ni kughushi chombo cha sayansi, na aliyeupiga hana kazi. Aliyasema hayo akiangalia dirishani. Akaongeza kwamba amemwita Profesa mwenyewe aje auchunguze, maana eti kuna njia za kujua.

Alipotoka, nilimvuta Zlatina hadi ngazini, mahali petu pa kuvutia sigara. Nilikuwa na hofu. Sikuhofia makato ya mshahara. Niliogopa afukuzwe akakae kwenye nyumba ile, peke yake, na koti la mtoto likining'inia nyuma ya mlango. Kazi ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Nikamwambia aseme mkanda umepotea, asiongeze neno.

"Mkanda ulilowa," akasema. "Bomba la kupashia chumba joto lilivuja juu yake, wino wote ukatoka. Ukurasa nikaujaza mwenyewe."

"Ungeniambia, dada. Tungetafuta njia."

"Sikutaka kuongea na mtu. Nilipiga tu. Na nilikuwa namwaza Ivaylo, Radka. Tangu tarakimu ya kwanza mpaka ya mwisho, yeye tu. Sijui vidole vilikuwa vinaandika nini. Lakini yumo mle. Lazima yumo."

Nikamwambia basi aombe Mungu mtoto asionekane, kwa sababu akionekana, mama ndiye atakayetoka nje ya mlango huu na mfuko wake. Akazima sigara, akarudi kazini. Nilidhani hakunisikia.

Profesa Tanchev alikuja Jumatatu, mzee mnene, mchangamfu, na mfuko wa vitunguu vya majani aliotumwa na mkewe. Haralampi alipomwuliza ukurasa wa kutungwa hutambuliwaje, alimpa penseli akamwambia aandike tarakimu zozote, kutoka kichwani, zijae karatasi. Haralampi akaandika, jasho likimtoka kama mtoto kwenye mtihani. Profesa akaipitia karatasi ile huku akitafuna ncha ya kitunguu.

"Ndugu Haralampi, unaogopa kurudia," akasema. "Ukiandika mbili, unaona haya kuandika mbili tena. Nasibu haina haya, inarudia inavyotaka. Sifuri umeitupa kabisa, na saba unaipenda kuliko mkeo."

Haralampi akasema kwa sauti ndogo kwamba saba ni namba ya mlango wa nyumba aliyozaliwa. Tukacheka, hata yeye mwenyewe akacheka.

"Ndivyo ilivyo," akasema Profesa. "Kila mtu ana chake. Mwanadamu hawezi kuandika tarakimu bila kujiandika mwenyewe."

Hapo Zlatina akainua kichwa. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akimtazama mtu usoni, na sasa alimtazama Profesa kama watu wanavyomtazama daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Profesa akaukunja ukurasa wetu, akauweka mfukoni, akaenda nao kwenye taasisi yake.

Juma lile niliharibu kazi nyingi. Nilikuwa nasahihisha mahali palipo sahihi. Zlatina alipiga kama kawaida, ila kila mlango ulipofunguliwa vidole vyake vilisimama.

Profesa aliporudi alikuwa anatabasamu tangu mlangoni. Alisema amehesabu marudio, amehesabu jozi, amehesabu mapengo, amewapa hata wanafunzi wake wauhesabu bila kuwaambia ni wa nini. Ukurasa hauna doa. Mkanda umepotea, basi, vitu hupotea. Lakini ukurasa umetoka kwenye mashine yake, na yuko tayari kuapa. Haralampi alishusha pumzi ndefu kuliko yangu. Alikuwa na muhuri tayari mkononi, akaugonga pale pale kwenye ile karatasi ya masjala, na mimi nikamkamata Profesa nikambusu shavuni.

Zlatina peke yake ndiye aliyebaki ameketi.

"Umeuangalia wote, Profesa?" akauliza.

"Wote, mama."

"Hata chini kule, mwishoni? Hakuna hata tarakimu moja iliyopendelewa kidogo?"

"Hakuna. Nimeutafuta kwa kila njia ninayoijua. Mle ndani hamna mtu."

Alisema hivyo kwa furaha, maskini, akidhani anampa habari njema. Zlatina akasema, kwa sauti ileile ya kusomea mikanda, kwamba ukurasa ule aliuandika yeye, na kwamba alipokuwa anauandika alikuwa anamwaza mwanawe. Profesa akamwangalia, kisha akaangalia tangazo la Ivaylo ambalo nilikuwa nimelibandika pia ukutani kwetu, na uso wake ukalegea kwa huruma. Akamwambia taratibu kwamba haiwezekani, kwamba amechoka, kwamba mtu akiwa na msiba huweza kuamini mengi. Haralampi akadakia kwamba ni kweli, amechoka, apumzike nyumbani siku mbili tatu na mshahara wake usiguswe.

"Radka alikuwepo," akasema Zlatina.

Wote watatu wakanigeukia. Haralampi alinikazia macho ya kunisihi. Muhuri ulikuwa haujakauka, na hakutaka kumfukuza mama aliyefiwa. Nilichotakiwa kusema ni kidogo sana. Ningesema amechoka, na kesho angekuja, na keshokutwa, tungesoma tarakimu na kunywa supu mpaka tustaafu. Nilimpenda mwanamke yule na nilitaka abaki. Nikamtazama. Hakuwa ananiomba nimlindie kazi.

"Ni kweli," nikasema. "Mkanda haukuwepo. Aliuandika mwenyewe, kutoka kichwani, na kichwani alikuwemo Ivaylo."

Profesa akaketi kwenye kiti changu. Akautoa ukurasa, akautandaza kwenye goti, akapitisha kidole safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wa takwimu niliowasimulia tangu siku ile wananiambia haiwezekani, na mimi nawaambia wamwulize Profesa, ambaye alikuwa anajua kuliko wao, na uso wake niliuona.

"Basi, mama," akasema, "mimi sijui pa kumtafutia."

"Lakini yumo?"

Profesa akamwangalia Haralampi, akaniangalia mimi.

"Kama uliuandika wewe," akasema, "yumo."

Zlatina akaanza kulia. Alilia vibaya, kwa sauti nene inayokatikakatika, mpaka watu wa koridoni wakafungua milango, na nilipomshika mabega yalikuwa magumu kama ubao. Profesa alibaki ameketi na ukurasa gotini, hajui amkabidhi nani. Haralampi akatoka, akafunga mlango polepole.

Kesho yake asubuhi Haralampi alimfukuza Zlatina kazi, kama kanuni ilivyotaka. Ukurasa ukaondolewa kitabuni, na kwa kuwa sasa haukuwa na kazi kwa mtu yeyote, Zlatina akaondoka nao.