Mama Jioni wa Ukutani

Kila Jumamosi, ikifika saa nne asubuhi, Mama Kitinda alikuwa keshafagia, keshasali, keshafuta vumbi kiti cha marehemu mumewe, na cherehani ameifunika kitambaa ili mtu asije akadhani ana kazi. Kazi alikuwa nayo. Sare kumi na moja za shule zilikuwa zimekunjwa kwenye kapu zikisubiri pindo. Lakini Jumamosi ilikuwa ya binti yake, na tangu amzike mumewe hakuna kitu alichokilinda kama asubuhi hiyo moja ya wiki.

Binti ndiye mtoto wa mwisho, na jina la Kitinda lilimganda tangu utotoni mpaka akaenda nalo kazini. Ofisi yao ilitengeneza tovuti za makampuni. Mwaka ule walikuwa wamepewa kazi na kiwanda cha sabuni, na kiwanda hakikutaka tovuti ya kuonyesha vipande vya sabuni tu. Kilitaka mahali pa akina mama kujiburudisha: hadithi za kusikiliza, michezo midogo ya kubonyeza, na katikati ya hayo sabuni iwe inapita kama mgeni asiye na haraka.

"Sasa mtu anaingia kufuata hadithi au kufuata sabuni?" mama aliuliza siku ya kwanza.

"Anaingia kufuata hadithi, anatoka na sabuni."

"Mna akili nyie. Sisi tulinunua sabuni kwa sababu nguo zilichafuka."

Kitinda alicheka mpaka akashika mbavu. Akaketi kwenye kiti cha baba yake, ambacho mtu mwingine hakuruhusiwa kukikalia, akampa mama simu yenye ile tovuti ambayo ilikuwa bado inajengwa, akafungua daftari.

"Usiniangalie mimi, mama, angalia simu. Bonyeza unapoona panafaa. Na kila kinachokupitia kichwani kitoe kwa mdomo, hata kama ni upuuzi."

"Hata nikiwaza chumvi imeisha?"

"Hata chumvi."

Basi mama akawa anabonyeza na kusema, na kila akinyamaza binti anamuuliza taratibu, "Unawaza nini sasa hivi, mama?"

Swali hilo lilimwingia mama mahali ambapo hakujua kama bado pana mlango. Marehemu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila alikuwa mtu wa "chai iko wapi", hakuwa mtu wa "unawaza nini". Wanawe wakubwa walipiga simu kuuliza afya, wakishasikia ni mzima wanakata. Huyu wa mwisho alikaa, akauliza, akangoja jibu, na jibu akaliandika kabisa, kama neno la mtu mkubwa.

Wiki ziliruka. Jirani, mwanamke mwenye mdomo, alimwona anavyojitanda khanga mpya kila Jumamosi akamtania kutoka ng'ambo ya ukuta, "We Mama Kitinda, kuna mtu anakuja kuposa?"

"Anakuja mwanangu."

"Mwanao ndiye anafutiwa kiti hivyo? Haya, wangu akija namtupia mkeka."

Mama alicheka, akaendelea kufuta kiti.

Kwa kuwa aliambiwa aseme, alisema. Alisema vidole vyake siku hizi ni vizito. Alisema usiku ukianza kuingia anawasha redio si kwa ajili ya habari, ila apate kumjibu mtangazaji. Jumamosi moja alisema jambo ambalo hata mchungaji wa roho yake hakuwahi kulisikia.

"Kabla ya kulala nakiaga kile kiti. Namwambia, 'Haya, baba Kitinda, mimi nalala.' Halafu nazima taa."

Binti aliacha kuandika. Akamshika mama mkono, akaushikilia kitambo. Kisha akaandika.

Siku nyingine mama aligomba. "Huyu dada anayesema kwenye simu yenu hana adabu. Nafungua tu, bonyeza hapa, bonyeza pale. Hajaniamkia! Angeniamkia kwanza, ningebonyeza hata kisichobonyezeka."

Kitinda alipiga mstari chini ya maneno hayo, mara mbili. Wiki iliyofuata salamu ikawamo. Ofisini walikuwa wamemjaribu mtangazaji, lakini sauti yake ilikuwa ya kunadi bidhaa, ndipo wakasema Kitinda mwenyewe arekodi. Mama alifungua simu, na sauti ya mwanawe ikatoka, laini, kama ya mtu aliyesimama mlangoni na kapu mkononi: "Shikamoo, mama. Mzima? Nimekukumbuka."

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu, halafu akacheka kwa aibu, maana mwanawe mwenyewe alikuwa ameketi pale pale.

Jaribio la mwisho la ile tovuti lilitakiwa kufanyika ofisini. Mama Kitinda alijiandaa kama anayekwenda harusini. Alishona mto wa kuegemea, wenye pindo la nyuzi za bluu, kwa sababu binti alikuwa akilalamika kuwa kiti cha kazini kinamuua mgongo. Akaufunga kwenye karatasi, akaukumbatia njia nzima.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kipana chenye meza ndefu na kuta za vioo. Kitinda alimkalisha kwenye benchi akaenda kuita wenzake. Ng'ambo ya kioo, ambacho mlango wake ulikuwa wazi, mwanamke mmoja wa makamo ameshika simu, na pembeni yake kijana wa ofisi ana daftari. Mwanamke alinyamaza. Kijana akainama kidogo, akauliza taratibu:

"Unawaza nini sasa hivi, mama?"

Ni maneno yale yale, na upole ule ule. Hata ile kuinama ilikuwa ile ile.

Mama Kitinda aliuweka ule mto magotini. Alijiambia, pengine ndivyo vijana wanavyosema siku hizi. Akageuza macho asisikie zaidi, yakatua ukutani pembeni yake. Palikuwa na karatasi kubwa, imezungukwa na vijikaratasi vya rangi, na juu yake mchoro wa mwanamke mwenye kilemba. Alisoma polepole, kwa kidole, kama alivyofundishwa shule ya msingi.

MAMA JIONI. Miaka 61. Mjane. Elimu ya msingi. Vidole vizito, maandishi yawe makubwa. Hujibizana na redio. Watoto hupiga simu, hawaji. Hukiaga kiti cha marehemu kabla ya kulala. Kitakachomrudisha: kuamkiwa.

Alirudia ule mstari wa kiti mara tatu. Kisha akakishusha kidole.

"Umemwona Mama Jioni wetu?" Alikuwa ni mkuu wa ofisi, mtu mchangamfu, ametokea na Kitinda nyuma yake. "Huyo ndiye bosi wetu, mama. Hapa hatubandiki hata kitufe bila kuulizana, 'Mama Jioni atapenda? Mama Jioni atakiona?'"

"Ni mtu kweli?" mama aliuliza.

"Hapana, ni wa kubuni tu. Tunaokota kwa huyu kidogo na kwa yule kidogo, tunapata mteja mmoja. Huyu kambuni binti yako. Ana kipaji! Kile cha kukiaga kiti, nilikisoma mbele ya kikao kizima."

Kitinda alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama angeweza kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza, kwa kuwa mtoto wake alikuwa amesimama mbele ya mkubwa wake wa kazi, na mama hamvui mwanawe nguo mbele za watu.

"Mungu amjalie huyo mama," alisema. Akafanya jaribio lote, akabonyeza kila alipoambiwa, na alipoulizwa anawaza nini alijibu, "Nawaza maandishi ni makubwa, nayaona." Kabla ya kuondoka aliufungua ule mto, akauweka kwenye kiti cha Kitinda, akaupigapiga ukae sawa.

Njiani kuelekea kituoni, walipopita duka la viatu, Kitinda alisema:

"Mama, usinikasirikie."

"Sijakasirika."

"Niliandika yako kwa sababu ndiyo ya kweli. Wengine wakikaa mbele ya daftari wanasema wanayodhani tunataka. Wewe ulisema ya moyoni."

"Nilikuwa nasema na mwanangu."

Kitinda alisimama. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Na mimi nilikuwa nakusikia, mama. Lakini Jumamosi sisi tunafanya kazi. Nilipata ruhusa ya kuja kwako kwa sababu ya majaribio. Bila hivyo ningekuja vipi?"

"Hilo ndilo nataka kukuuliza. Bila ile simu, ungekuja hata Jumamosi moja?"

Binti alifungua mdomo. Kuapa angeweza, watu wanaapa kila siku. Lakini mama alikuwa amemlea asiape uongo, na malezi yale yalishika. Mama akamwekea shungi lake vizuri begani, akamwambia, "Rudi kazini, jua kali."

Tovuti ilifunguliwa kwa shangwe. Jirani aliingia, akashinda kutwa kwenye mchezo wa kupanga mapovu, akaunguza sufuria. Kitinda alihamishiwa kazi nyingine, ya kampuni ya rangi za nyumba, ambayo wateja wake walikuwa mafundi vijana. Hapakuhitajika mjane hapo. Jumamosi ya kwanza alituma ujumbe kwamba amebanwa. Ya pili vilevile. Ya tatu ujumbe haukuja, na mama hakuudai.

Kiti aliendelea kukifuta. Ikifika saa nne anaketi, anafungua simu yake, anaingia kwenye tovuti ile.

"Shikamoo, mama. Mzima? Nimekukumbuka."

"Marahaba, mwanangu. Mzima mimi."

Kisha anaifunga. Hakucheza mchezo, wala hakusikiliza hadithi, na sabuni aliyofulia ilikuwa ya kiwanda kingine, ile aliyoizoea. Alijua fika kwamba sauti ile inawaamkia maelfu, na jirani yake mwenye mdomo yumo. Katika sala zake alimwomba Mungu amsamehe kama ni ujinga. Lakini salamu ya mtoto hujibiwa. Hayo ndiyo malezi aliyolelewa.

Baada ya Jumamosi nyingi, katikati ya wiki, Kitinda alipiga simu. Nyuma yake zilisikika sauti za ofisi.

"Shikamoo, mama. Nikuulize kitu cha kazi, dakika moja tu. Wamenirudisha kidogo kwenye ile ya sabuni. Tunahesabu wanaoingia na wanapofikia. Sasa kuna mtu mmoja anatusumbua akili. Kila Jumamosi saa nne. Anaingia, anasikiliza salamu, anatoka. Hajawahi kugusa kingine. Wengine kama yeye wapo, ila yeye hakosi hata wiki. Mkuu anataka kujua kwa nini haendelei, nikasema nitamuuliza mama, mama ataju—"

Akajikatiza mwenyewe. Mama akasikia mtu wa ofisini akipiga chafya.

"Mama," alisema Kitinda, sauti imeshuka. "Ni wewe?"

"Ni Mama Jioni," mama alisema.

Binti alilia. Alilia kwa kuficha, kama mtu aliyegeukia ukuta. Mama alimwacha amalize.

"Jumamosi nakuja," Kitinda alisema hatimaye. "Bila daftari. Bila chochote. Nakuja, mama."

"Karibu. Hapa ni kwenu."

Jumamosi ile Mama Kitinda alifuta kiti mara mbili. Jirani alichungulia, akaona khanga, akafungua mdomo atanie, akaona na uso, akaufumba ule mdomo. Saa nne ikafika. Saa tano. Mama alichukua sare moja kapuni, akatunga uzi, akairudisha, asije akakutwa na kazi mkononi. Saa sita na robo simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Mama nimebanwa, wakubwa wameitisha kikao cha ghafla. Nisamehe sana. Wiki ijayo."

Aliusoma kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akafungua tovuti.

Salamu haikutoka. Yalitoka mapovu, mengi, ya rangi, na chini yake maandishi makubwa ya kusomeka vizuri: *Panga mapovu matano ufungue salamu yako.*

Alielewa. Kitinda alikuwa ameulizwa kazini kwa nini mtu yule haendelei, na alikuwa ametoa jibu. Anachofuata ni salamu. Nao wameisogeza mbele kidogo, mahali ambapo atalazimika kuifuata.

Mama aliweka simu magotini. Aliitazama kama mtu anavyotazama mlango uliobadilishwa kitasa. Halafu, kwa vidole vyake vizito, akaanza kupanga. Mara ya kwanza alipata mawili. Mara ya pili matatu, muda ukaisha. Jasho lilimtoka puani. Mara ya sita mapovu yakapasuka yote kwa pamoja, kipande cha sabuni kikapita kikimeremeta bila haraka, na sauti ikatoka.

"Shikamoo, mama. Mzima? Nimekukumbuka."

"Marahaba," alisema.

Hakuifunga safari hii. Alinyamaza, na katika kile kimya alilisikia lile swali, "Unawaza nini sasa hivi, mama?", ingawa hapakuwa na wa kuliuliza. Akageukia kiti, akasema kwa sauti, kama alivyofundishwa, kila kilichompitia kichwani. Kwamba pindo za sare zimechelewa. Kwamba ule mto wa pindo la bluu, hajui kama bado upo kwenye kiti cha kazini. Kwamba amechoka.

"Nawaza ungekuja, mwanangu," alisema. "Hata na daftari."