Gari la Watu Sita

Mume wangu alipotangaza kwamba sasa tunanunua gari, nilimuuliza gari gani, akanionyesha picha kwenye simu. Lilikuwa lidude la kupandia milima, matairi yananifika kiunoni. Nikamwambia sisi hatuna mlima. Tuna barabara ya viraka, shule ya watoto, kliniki ya mama yako na duka langu la mapazia. Akasema gari ni heshima. Nikamjibu kwamba heshima hainywi petroli, lakini hilo litakunywa mpaka mshahara wako.

Basi nyumba ikagawanyika. Upande mmoja alikuwa yeye na mapacha wetu, ambao wako darasa la kwanza na kwao gari lenye honi kubwa limeshashinda. Upande wa pili nilikuwa mimi, ambaye ndugu zangu huniita mkono wa birika, na sijawahi kukana. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi, alisema yeye anataka mlango ambao goti lake litaingia bila kubembelezwa, mengine tumalizane wenyewe. Na upande wangu, bila hata kuitwa, akaja Wakili.

Wakili ni mtoto wa marehemu shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Mama yake alitangulia zamani, na baba yake alipofariki, binti akaja kwetu moja kwa moja kutoka msibani. Jina hilo alipewa na Bibi, kwa sababu ukimwambia afue leo atakuuliza kwa nini isiwe kesho, na hoja yake itasimama. Basi hoja zake zote akazielekeza kwenye gari dogo. Alikwenda kuwahoji madereva wa teksi pale kituoni, akarudi anajua ni injini ipi haina tamaa ya mafuta, spea zipi zinapatikana hata dukani kwa jirani, na gari lipi likiharibika unauza na nyumba.

"Baba mdogo," alimwambia mume wangu wakati tunakula, "foleni zote hizi, injini kubwa utaikimbizia wapi?"

Mume wangu akabaki anatafuna. Mimi nikavimba kichwa. Hatimaye nyumba ile ilikuwa na mtu mwingine mwenye akili.

Jumamosi tukaenda yadi ya magari, sote. Muuzaji alikuwa bwana mmoja ambaye manukato yake yalitufikia kabla yake. Akatupeleka kwenye gari dogo jeupe, safi, bei ya kuongea, akafungua milango yote akasema familia iingie ijipime. Mume wangu akashika usukani, mimi nikakaa pembeni yake, nyuma akaingia Bibi na goti lake likakubali, kisha mapacha. Mlango wa nyuma ukafungwa kwa nje. Aliyeufunga alikuwa Wakili, ameshika mkoba wangu na fimbo ya Bibi. Akainama dirishani, akatutazama mmoja mmoja, amefurahi kwelikweli.

"Mmeenea," akasema. "Mama mdogo, si nilikwambia? Mmeenea vizuri kabisa."

Mmeenea. Nimeishi na lugha hii maisha yangu yote na sikujua kwamba herufi moja inaweza kumchoma mtu kifuani. Nilisubiri aseme tumeenea, kisha nikajiuliza angewezaje kusema hivyo naye yuko nje. Nikageuka nikavihesabu vichwa vya ndani ya gari. Watu wetu ni sita, na kiti cha sita hakikuwepo, na mimi mwenye akili zangu nilikuwa nimelitafuta gari hilo kwa wiki nzima.

Mume wangu akasema, "Wakili, zunguka uingie, hawa watapakatana."

"Mikanda ni mitano, baba mdogo," akajibu. "Na mko watano. Msijibane bure."

Hakusema kwa unyonge, wala kwa kutaka abembelezwe. Ningemwona ananuna ningejua la kufanya. Alisema kama mtu anayesoma bei. Nikashuka, nikasema gari lina harufu, hatulitaki. Harufu yenyewe ilikuwa ya muuzaji.

Nyumbani nilimfuata Wakili jikoni. Alikuwa anaosha sufuria, nami nikachukua kitambaa nikawa nafuta sahani ambazo zilikuwa zimeshakauka.

"Lile gari," nikamwambia, "wewe ungekaa wapi?"

"Mimi shule yangu iko njia ya basi."

"Na siku tukienda kwa ndugu?"

"Si lazima mtu abaki nyumbani?"

"Na mwakani?"

Akaisuuza sufuria mara ya pili. Kisha akasema, taratibu, "Mama mdogo, si mlisema kwa muda?"

Nikakumbuka. Siku iliyofuata mazishi, sebule imejaa viti vya kuazima, watu wazima wakiulizana mtoto atakwenda wapi. Mume wangu, macho mekundu, alisema, "Atakaa kwetu kwa muda." Watu wakaitikia, chai ikaletwa, na maneno yale sisi tukayaacha palepale. Wakili aliondoka nayo. Begi lake mpaka siku hiyo lilikuwa chini ya kitanda, nguo zake zimekunjwa humo humo, na mimi kila siku nilikuwa nawakaripia mapacha wajifunze unadhifu kwa dada yao. Kumbe si unadhifu. Mtoto alikuwa anangoja muda uishe.

Niliumia, nasema wazi. Na kwa kuwa mimi nikiumia hugomba, nikamgombeza kwa nini anamaliza sabuni. Halafu nikamuuliza, "Nani kakwambia muda huo una mwisho?"

"Hakuna," akasema. "Lakini hakuna aliyeniambia kwamba hauna."

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Lakini nilimjua mpinzani wangu. Neno lolote ambalo ningempa jikoni, yeye angelipokea kwa adabu, angesema ahsante mama mdogo, na begi lingebaki pale pale chini ya kitanda.

Jioni nikamweleza mume wangu. Alikuwa ameketi kitandani anavua soksi. Alivua moja, akaishika mkononi.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Nilikuwa sijui niseme nini," akasema, na ile soksi nyingine hakuivua. Mume wangu ana mdomo mzito. Lakini lile lidude la milimani sikulisikia tena.

Gari tulilolipata lilitafutwa na fundi mmoja wa magari wa mtaani kwetu. Lilikuwa la mama mmoja anayesambaza mayai madukani, gari refu lenye mlango wa kuteleza, sura kama mkate. Rangi yake ilikuwa imepauka kama sare ya shule inayofuliwa kila siku. Lakini injini ni ndogo, na fundi aliliwasha likiwa baridi, akaangalia moshi, akalala chini ya tumbo lake, akatoka akisema kwamba lina uzee tu, ugonjwa halina. Bibi aliingia na kutoka bila kumshika mtu, akataka kuingia tena. Kasoro ilikuwa moja: nyuma palikuwa patupu. Kiti cha mwisho kilikuwa kimeng'olewa ili trei za mayai zipate nafasi.

Tukavutana bei mpaka mama wa mayai akachoka na mimi.

"Bei haishuki tena," akasema. "Lakini nitawaongezea kitu kimoja, mchague. Kuna redio mpya yenye kioo, haijatoka kwenye boksi. Au kile kiti cha nyuma, kiko stoo. Kiti nina mtu anakitaka akiweke barazani kwake, kwa hiyo vyote viwili sitoi."

Mume wangu boksi la redio alikuwa amelishika tangu tuingie uani kwa yule mama. Alikuwa ameshasoma maandishi yote ya pande zote.

"Chukueni redio," Wakili akasema upesi. "Kiti ni uzito, na uzito ni mafuta. Halafu pale nyuma mama mdogo atapakia mapazia. Na baba mdogo anapenda muziki."

Kila hoja ilikuwa ya kweli, na kila moja ilikuwa ya kumfaidi mtu mwingine. Nikafungua mdomo nimjibu, lakini mume wangu alinitangulia. Aliliweka boksi chini.

"Kiti," akasema.

Mama wa mayai akatutazama. "Watoto si hawa wawili? Mbona watakaa na bibi yao hapa katikati?"

"Watatu," mume wangu akasema. "Nina watoto watatu. Huyu ndiye mkubwa wao."

"Baba mdogo, lakini mafuta..."

"Mafuta nitanunua mimi." Alikuwa anamtazama Wakili. "Siku ile sebuleni nilisema kwa muda. Nilikuwa nimetoka kumzika kaka yangu, sikujua ninachosema. Hakuna muda. Pale nyumbani ni kwenu, mpaka uchoke wewe mwenyewe. Umenielewa?"

Wakili akanigeukia mimi, kama anataka nithibitishe. Mimi nilikuwa nimeinama nakagua tairi, maana macho yangu hayakuwa ya kuonyeshwa watu. Nikaitikia kwa kichwa tu, huku nalibonyeza tairi la watu kwa kidole.

Kiti kikatolewa stoo kikiwa na manyoya ya kuku. Fundi akakifuta, akakiingiza, akakaza nati moja baada ya nyingine, na Wakili alisimama pale mlangoni mpaka ya mwisho. Hakutoa ushauri wowote.

Wakati wa kuondoka, mapacha wakakimbilia nyuma kabisa, kila mmoja akakamata dirisha lake. Ni kawaida yao. Wamezoea kumchukulia dada yao mto, kalamu, hata kipande cha nyama kilichobaki kwenye sahani, naye huwaachia na kusema chukueni tu. Nilimwona ameinama mlangoni, mkono kwenye kile kiti, anawatazama.

"Tokeni hapo," akasema. "Hapo kwangu."

"Nani kasema?"

"Kimenunuliwa kwa ajili yangu. Muulizeni baba."

Mapacha wakagoma. Wakili akaingia, akamvuta mmoja mguu, mwingine akamrukia mgongoni, kiatu kikaruka mpaka kwenye mapaja ya Bibi, na Bibi akaziba masikio. Mume wangu alinitazama kwenye kioo, akingoja nigeuke niwanyamazishe kama ninavyofanya siku zote.

Nikafunga mkanda, nikamwambia awashe gari.