Garnet Fehr Hakupigwa

Garnet Fehr alimgonga mdogo wangu kwa nyuma. Nasema kwa nyuma, na anayebisha aje nimwonyeshe. Taras alikuwa ameinama kwenye mbao za pembeni ya uwanja wa hoki ya barafuni, anakichokoa kwa fimbo yake kile kisahani tunachokipiga badala ya mpira, hana habari, na lile jitu likaja mbio kutoka katikati ya barafu likambamiza kichwa ubaoni. Mlio ule niliusikia nikiwa benchi. Alipozinduka hospitalini aliniita kwa jina la mbwa wetu.

Kila aliyeuona mchezo wa Taras atakwambia alikuwa anakwenda juu, kwenye ligi ile kubwa ambayo watoto wote wa jimbo letu la Saskatchewan huiota tangu siku wanayofungwa viatu vya barafu vya kwanza. Mimi kipaji hicho sikupewa. Mimi nililipwa kupiga watu. Kila timu enzi zetu ilikuwa na mtu wa namna yangu, mbabe wake, na wala sikuona haya. Ukimgusa mfungaji wetu, utaniona mimi.

Na kazi hiyo ina mila yake. Haikuandikwa popote, lakini hata marefa wanaiheshimu. Ukimuumiza mtu kwa hila, mechi inayofuata mbabe wa timu yake anakufuata na kukuuliza, "Vipi, twende?" Nawe kama ni mwanamume unadondosha glavu, mnazichapa. Ukishapigana naye, umelipa na yamekwisha. Hakuna atakayekugusa tena, na mnaweza kukaa meza moja mkanywa bia mkicheka meno yaliyotoka. Ila asiyedondosha glavu hapigwi. Kumpiga mwenye glavu mikononi ni uhuni, na wahuni hawadumu kwenye mchezo huu.

Fehr hakulipa. Kabla hatujakutana naye tena timu yake ilimuuza, akaenda kucheza Ujerumani, nami nikabaki na ngumi zangu. Nilitundika gunia la ngano kwenye banda la trekta la baba nikaliita Garnet. Likapasuka, nikatundika jingine. Mama alinisihi nimwachie Mungu. Nikamwambia Mungu hachezi hoki.

Miaka ikapita, kisha akarudi. Alirudi nahodha wa Saint-Aubin, ana mvi ndevuni, na mtoano ukatukutanisha nao kwa mfululizo wa mechi. Mechi za mwanzo alikuwa nje kwa goti. Akapangwa ile ya mwisho, Jumapili mchana, uwanjani kwetu Dunmore, ambayo atakayefungwa msimu wake umeisha.

Asubuhi yake nilipita shambani kumwona Taras. Anaishi chumba cha chini kwenye nyumba ya wazazi, mapazia yamefungwa, miwani ya jua usoni, maana mwanga unamchoma kichwa. Hoki huisikiliza redioni tu, kwa sauti ndogo.

"Leo namla mbichi," nikamwambia.

"Nani?"

"Fehr, Taras. Leo anacheza."

Akawa anatafuta maneno. Siku hizi maneno humkimbia.

"Utampiga. Halafu?"

"Halafu basi. Kalipa."

"Kamlipa nani?"

"Si wewe!"

"Mimi?" Akacheka vibaya. "Mtapigana, atashonwa nyuzi, mtakwenda kunywa bia. Wiki ijayo kapona. Mimi niko hapa hapa, chini ya nyumba kama viazi. Usinitie kwenye mambo yenu, kaka."

Nilitoka nimefura. Nilimkasirikia yeye, ndugu yangu mgonjwa, kwa kunitilia mchanga kwenye chakula nilichokingoja miaka. Dawa ya moto ni moto, nikajiambia njiani. Mtu anayeshinda gizani atajua nini kuhusu kazi yangu?

Wakati wa kupasha misuli, timu hazivuki mstari mwekundu wa katikati, lakini mnaweza kunyoosha miguu kila mtu upande wake mkatazamana. Fehr akaja akapiga goti mbele yangu, karibu kiasi cha kumtemea mate.

"Orest."

"Jina langu usilitaje."

"Sawa, bwana. Sikiliza, leo sikukimbii. Sema wewe tu kipindi gani, naweka glavu chini."

"Ushujaa umekujia uzeeni?"

"Nastaafu. Msimu huu ukiisha, basi. Tangu siku ile silali vizuri, haki ya Mungu. Nipige tumalizane. Nataka niondoke safi."

Neno hilo, safi, lilinichoma. Hakuuliza Taras yu hali gani. Alikuwa anakuja kwangu kama mtu anayekwenda kuoga, na maji ni mimi. Ndipo nilipomwelewa mdogo wangu, na nikaona haya kwa kumkasirikia.

Kipindi cha pili tulikuwa sare. Kocha Thibault akanigonga begani. "Nenda. Kazi yako unaijua." Nilijua pia kwamba nisipoifanya nimejifukuzisha. Nikaruka barafuni, na kabla sijamfikia, Fehr alikwisha kudondosha glavu. Akavua na kofia. Marefa wakarudi nyuma kutupa nafasi. Uwanja mzima ukasimama, maana watu wa Dunmore walikuwa wameingoja siku hiyo sawa na mimi.

"Haya, twende," akasema.

Sitadanganya, mikono iliniwasha. Kidevu kile kilikuwa mbele yangu, amekiinua kabisa kama mtoto anayengoja kufutwa kamasi. Nilimchukia siku hiyo kuliko siku zote.

"Vaa glavu zako, Garnet."

"Nini?"

"Sikupigi."

"Acha utani, Orest. Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Utastaafu na hatia yako. Utazeeka nayo. Na ukifa wakuzike nayo."

Rangi ikamtoka usoni. Akanishika jezi, si kwa vita, bali kama anayeomba.

"Orest, tafadhali. Nipige tu. Tafadhali, bwana."

Nikauondoa mkono wake nikarudi benchi. Mashabiki wetu wenyewe walinizomea, na glasi ya plastiki yenye bia ikanipata shingoni. Wachezaji wenzangu walisogea nisikae karibu nao. Fehr alikuwa bado amesimama kule katikati, mikono mitupu, mpaka refa alipomwokotea glavu zake.

Tukafungwa. Mtoano ukiisha tunapanga mstari, tunavua glavu na kupeana mikono wote, hata na aliyekung'oa meno. Sijawahi kuona mtu akiruka mkono wa mwenzake. Fehr aliunyoosha wake tangu mbali, macho mekundu. Nikampita, nikamshika aliyemfuata.

"Una kazi moja tu, we mtu," Kocha Thibault alinifokea mbele ya wote. "Moja! Ulimwogopa?"

"Sikumwogopa, kocha."

"Basi fungasha. Mbabe asiyepigana ni abiria. Uone kama kuna timu itakayokuchukua."

Alisema kweli. Hakuna iliyonichukua.

Nikaendesha gari mpaka shambani. Mama alikuwa akikaanga perohi, vile vibonge vya unga vilivyojazwa viazi, kwa siagi na vitunguu, na hakuinua macho, maana redio ilikwisha kumwambia yote. Nikashuka chini.

"Nimesikia wakikuzomea," Taras akasema.

"Eeh."

"Mtangazaji anasema umeogopa."

"Aseme."

"Na yeye je? Alisemaje?"

"Alisema tafadhali."

Taras akaketi wima. "Garnet Fehr?"

"Mara mbili. Kanishika jezi, anasema nipige, tafadhali."

Kwanza nilidhani analia. Kumbe anacheka, kicheko chake kile cha zamani, amekishika kichwa kwa mikono miwili kwa sababu kinamuuma, na bado anacheka. Kisha kicheko kikakatika ghafla, nikauona uso wake unahangaika, nikajua neno limemponyoka.

"Alisema nini vile?"

"Tafadhali," nikamwambia.

Mpaka leo akisahau huniuliza, nami humwambia upya.