Ufunguo wa Adnan

Jumapili saa mbili asubuhi Sukaina bint Jaafar aliegesha gari nyuma ya ofisi ya kampuni, mjini Manama, akapanda hadi ghorofa ya tatu, akawasha taa na kiyoyozi kama siku zote. Adnan alikuwa amezikwa Ijumaa. Sukaina hakuwa amekanyaga matangani. Mke aliyeachwa miaka minne iliyopita hana eda, na hakuna aliyempigia simu kumwambia njoo au usije. Siku zote mbili za mapumziko, Ijumaa na Jumamosi, alifua nguo, hata zilizokuwa safi.

Kampuni ya Bwana Nabil ilileta marumaru kutoka Uturuki. Malipo yake hayakupitia tena kaunta ya benki. Yalipita kwenye mtandao wa kampuni kumi na mbili zinazojuana, mlango umefungwa kwa wengine wote. Humo walilipana kwa sarafu za kidijitali, kutoka pochi ya mtandaoni ya huyu hadi ya yule, juu ya daftari moja ambalo kila kampuni ina nakala yake na hakuna awezaye kufuta hata mstari. Kila malipo ya kampuni yao yalitaka saini mbili kati ya watu watatu wenye ufunguo, kijidude cha kuchomeka kwenye kompyuta au simu. Watatu hao walikuwa Nabil, Adnan na Sukaina. Wa Nabil ulilala kwenye sefu tangu siku ulipoletwa, basi kazi ikawa ya wawili wale.

Walipoachana, Adnan alihamia ofisi ya bohari, Sitra. Tangu hapo walikutana kwa namna moja tu: huyu anaanzisha malipo, yule anathibitisha, na jina la pili linageuka kijani chini ya la kwanza. Mara tano, mara sita kwa siku. Hawakuwa na mtoto wa kuwaunganisha. Walikuwa na hilo.

Biju, fundi wa mtandao, alisimama alipomwona.

"Madamu. Pole sana."

"Ahsante, Biju. Nini kimekwama?"

"Malipo ya marumaru ya Jemal, wa Mersin. Marehemu aliyasaini Alhamisi saa nane na dakika hamsini mchana. Yanasubiri saini yako."

Sukaina alijua. Alhamisi ile simu ilipolia kuashiria malipo, alikuwa ameshatia mkoba begani. Aliona jina la Adnan akasema moyoni, na angoje hadi Jumapili, kwani mimi sikungoja vya kutosha? Akaenda zake nyumbani bila kuyafungua.

"Pochi ya kupokelea ni mpya," Biju akaendelea. "Hatujawahi kuilipa. Nilitaka kuizuia, lakini ameandika maelezo." Akaangalia kibodi yake. "Yasome mwenyewe, Madamu."

Akaketi, akayafungua.

*Pochi mpya ni ya Jemal kweli, nimempigia. Suku, niko hospitali, kifua kinanibana. Saini, halafu njoo kama unaweza.*

Saa nane na dakika hamsini. Adnan alikata roho saa kumi na moja jioni.

Akasoma tena. Akangoja kitu kimpande kifuani, machozi au kelele, chochote kile. Hakikupanda. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaoukanyagia na usijue kama uko. Akafikiria tu kwamba kampuni kumi na moja nyingine zingeweza kuyasoma maneno yale, na kwamba yangekaa humo muda wote mtandao utakapokuwepo.

"Nipe namba ya Jemal," akasema.

"Lakini marehemu ameshathibitisha..."

"Kanuni ni kanuni, Biju. Pochi mpya, anayesaini wa pili naye anapiga simu."

Jemal alipokea kwa furaha. "Ndiyo, ndiyo, nimebadilisha pochi! Nilishamwambia Adnan. Yule bwana alikuwa anahema kama punda! Nikamuuliza, umepanda ngazi au umeoa tena? Akacheka mpaka akakohoa."

"Nisomee herufi sita za mwisho za anwani ya pochi," Sukaina akasema.

Jemal akasoma. Zikalingana.

"Adnan amefariki," akamwambia. "Alhamisi hiyo hiyo."

Upande wa pili Jemal akaanza kuomba dua kwa Kituruki. Sukaina akamsubiri amalize, akamshukuru, akakata.

Nabil aliingia, ndevu hazijanyolewa. Alikuwa ametoka kufungua sefu, ameshika ufunguo wake, bado umo kwenye nailoni.

"Dada Sukaina, tuufute ufunguo wa marehemu kwanza. Usije ukaangukia mikononi mwa mtu."

"Ukifutwa kwanza, saini yake inaanguka na malipo yanabatilika."

"Tutaanza upya, mimi na wewe. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna. Ila aliyasaini akiwa hai, na hesabu ni sahihi." Akachomeka ufunguo wake, akabonyeza. Jina lake likageuka kijani chini ya la Adnan.

Kisha wakaanza kumfuta. Mtandao ukauliza sababu na kuwapa tatu za kuchagua: amejiuzulu, ameachishwa, ufunguo umepotea. Ya nne ilikuwa nafasi tupu.

"Weka amejiuzulu," Nabil akasema kwa upole. "Wenzetu wasiingiwe na wasiwasi."

"Hakujiuzulu."

Akaandika *amefariki*, akasaini. Nabil akasaini baada yake, akikosea kitufe mara mbili kwa sababu hakuwahi kukitumia kile kijidude. Jina la Adnan likatoweka kwenye orodha ya wenye ufunguo.

Alasiri Sukaina aliendesha hadi Diraz, kwa mama yake Adnan. Sebule ilijaa wanawake wenye mabaibui. Akakaa mlangoni, penye viatu.

"Nani yule?" sauti ya mama yake Adnan, bi mkubwa wa nyumba, ikauliza. "Sukaina? Mbona umekaa huko kama mdai? Hebu njoo hapa!"

Dada yake Adnan akanong'ona jambo, na mama akampungia mkono anyamaze. Sukaina akapita katikati ya magoti ya watu, akaketi ubavuni pake.

"Mwanangu alikupigia?"

"Aliniandikia, Mama. Aliniita. Sikusoma mpaka leo asubuhi."

Bi mkubwa akamsogezea mto wa kuegemea.

"Mimi alinipigia mara mbili," akasema. "Nilikuwa nimelala. Nikasikia simu, nikadhani ni yule muuza samaki, nikageukia ukutani."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Ikaletwa kahawa ya iliki. Sukaina akainywa kwa mkupuo. Alipoona wengine wakipuliza vikombe vyao ndipo akajua kwamba ilikuwa ya moto.

Wageni walipopungua, akakunja mikono ya baibui na kuosha vikombe pamoja na yule dada. Alipokuja kuaga, bi mkubwa alimshika kifundo cha mkono.

"Kesho uje mapema. Kuna mchele mwingi wa kuchambua."

"Natoka kazini saa tisa, Mama."

"Basi saa tisa."

"Nitakuja," Sukaina akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.