Maji Yasiyopitia Mashine

Samaki wa tatu alipokutwa anaelea tumbo juu, mshona nguo aliweka mkasi mezani, akamwita kaka yake kwa sauti iliyowatoa majirani madirishani.

Kaka mtu alikuwa fundi bomba. Wiki ile alikuwa amefunga mashine ya kulainisha maji ya kisima, yale yaliyokuwa yakiacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kazi yake ikamlevya, akayajaza maji yake hata kwenye tangi la samaki la dada yake bila kuuliza.

"Si ulitaka maji laini?" alisema, mikono kiunoni. "Sabuni inatoa povu mpaka raha."

"Povu ni la kufulia, kaka. Mashine yako imetoa chokaa, ikaweka chumvi. Samaki hawa asili yao vijito vya msituni, maji yasiyo na chumvi."

"Miaka ishirini nahangaika na maji, leo mshona vifungo anifundishe!"

"Ndiyo. Kaa ufundishwe."

Hakukaa. Dada mtu akawahamishia watano waliobaki kwenye ndoo ya maji ya mvua aliyoyaweka akiba.

Kesho yake mchana mvua ikashuka. Wifi yake akamwonyesha mfereji wa paa. "Kinga pale, dakika moja tu umejaza."

"Paa limepakwa rangi juzi, wifi. Sitawanywesha rangi."

Akaacha manyunyu ya mwanzo yaoshe vumbi na moshi wa hewani, kisha akapanga mabeseni mapya katikati ya uwanja, mbali na paa. Akasimama hapo hapo, kalowa chapachapa.

"Utaugua kwa ajili ya vidagaa!" kaka alipiga kelele dirishani.

"Nikiugua nitajiuguza!"

Jioni akachanganya maji yale na kikombe cha maji ya kisima yasiyopitia mashine, kwa kuwa ya mvua peke yake hayana madini kabisa, akayatia tangini na kuwarudisha samaki.

"Kumbe kisima hukikatai," kaka alimchokoza.

"Sikukataa kisima. Nimekataa kuamuliwa bila kuulizwa."

Baada ya wiki tatu, chini ya jani la mmea ndani ya tangi, mayai ya samaki yakaonekana, madogo kama chembe za sukari. Kaka akainama, akayatazama. Kisha akachukua vifaa vyake, akaweka koki ya kando kwenye bomba kabla ya mashine, itoe maji ya kisima kama yalivyo.

"Hii yako," alinong'ona.

"Asante, kaka. Na atakayeigusa ni mimi tu."