Adhuhuri Ndani ya Mashuka

Dobi wa zahanati hakuwahi kukunja shuka la moto. Mashuka aliyaanika asubuhi uani kwake, akayageuza jua lilipofika utosini, na akishayaanua aliyakung'uta na kuyaacha kivulini yapoe kwanza. Shuka likikunjwa moto, alisema, linashika mikunjo ambayo hata pasi ya mkaa haiitoi. Aliyetaka kumuudhi alimwambia tu kwamba mikunjo ni mikunjo.

Juu ya ua huo zilipita nyaya. Zilitoka mlimani kwenye shamba la sola, ambako paneli nyeusi zililala safu kwa safu zikilitazama jua, zikauvuka mtaa mzima juu ya nguzo ndefu za chuma, zikaenda mjini. Dobi alilipenda shamba lile bila kificho. Mji ulikuwa umezima majenereta yake, na moshi uliokuwa ukichafua mashuka kambani kila upepo ulipogeuka ulikuwa umekwisha. Kwa hilo peke yake aliona waliolijenga wanastahili kuombewa dua. Isitoshe, binti yake alikuwa ameajiriwa huko kuosha paneli kwa maji na brashi laini. Paneli chafu, binti alieleza, hushiba vumbi badala ya jua.

"Ukoo wetu ni wa kufua tu," dobi aliwaambia majirani, kidevu juu. "Mimi nafua mashuka, mwanangu anafua jua."

Jambo moja lilimkaa rohoni. Umeme ulipita juu ya mtaa, lakini haukushuka. Zahanati ilikuwa chini kabisa ya nguzo, mvumo wa nyaya ukisikika hadi wodini, na friji ya chanjo aliyoletewa mkunga ilikuwa kabati la vikombe. Mwaka uliotangulia, mke wa fundi viatu alijifungua jioni kwa mwanga wa simu. Simu ikaisha chaji, na damu haikuonekana inakotoka mpaka mwanamke akawa amekwishakata roho. Sasa binti wa dobi alikuwa mjamzito, na kila dobi alipokamua shuka la zahanati alimwona marehemu yule.

Uchungu ulimshika binti akiwa kazini, brashi mkononi. Dereva wa gari la maji alimshusha zahanati, kisha akapita kwa dobi kumpa habari. Ilikuwa adhuhuri, jua linawaka kwelikweli. Dobi hakusubiri chochote kipoe. Aliyaanua mashuka yote, akayakunja hivyo hivyo, akayabana kwapani na kushika njia. Yalimchoma mbavu, naye alichokasirikia ni mikunjo.

Uchungu ulisuasua mchana kutwa. Giza lilipoanza kuingia, mkunga aliwasha simu yake, akaona chaji iko ukingoni.

"Mama, nitandikie shuka safi."

Dobi alikunjua la kwanza, na adhuhuri ikatoka. Ilitoka yote, nyeupe, ikajaa chumba mpaka kwenye pembe za buibui, na kivuli cha mkunga kikajikusanya chini ya miguu yake kama ilivyo saa sita mchana.

"Inua upande wako kidogo," mkunga alisema. "Hapo hapo. Usitikise."

"Lina mikunjo."

"Nimeiona. Wewe shika tu."

Mwanga wa shuka la kwanza uliponywea, dobi akakunjua la pili. Kwa mwanga huo mkunga aliona kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, akakitoa kwa kidole bila haraka. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia, kisha akakunja uso kwa ukali wa jua. Dobi naye alilia, machozi na kamasi, shuka mkononi, na hajapata kufurahi namna ile maishani mwake.

Tangu siku hiyo zahanati haikukosa mwanga. Dobi aliyaanua mashuka yakiwa ya moto na kuyakunja papo hapo. Siku za mawingu yalitoa mwanga wa kijivu, wa kutosha kushona jeraha lakini si kusoma maandishi ya dawa. Majirani walijaribu kwa mataulo, yakatoa joto tu.

Mhandisi wa shamba alisikia habari kwa binti, akaja mwenyewe. Alikuwa kijana mstaarabu, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usisogee sana, utaungua."

Alipima shuka kwa kifaa chake, akapima tena, akakaa kitako. Alisema betri yao kule mlimani ni kubwa kama nyumba, imeagizwa kwa meli, na haitunzi jua safi namna hii. Alimshika dobi mikono yote miwili. Sifa zake zilitoka moyoni, na dobi alizipokea kama haki yake.

Mkunga alisubiri wamalize. "Shuka halipoozi chanjo," alisema. "Nyaya zitashuka lini?"

"Umeme wa zile nyaya ni mkubwa sana, dada. Unataka transfoma ndipo ushuke. Zahanati hii ipo kwenye mpango."

"Ilikuwepo kwenye mpango hata nguzo hazijasimikwa."

Mhandisi alikiri kwamba ni kweli. Aliahidi kulisemea jambo hilo, na alilisemea, maana hakuwa mwongo. Jibu la makao makuu alilileta binti. Wakubwa walikuwa wamefurahi mno. Kwa kuwa zahanati sasa ina mwanga, tena mwanga safi, imehesabiwa miongoni mwa zilizokwisha kufikiwa, na transfoma yake itapelekwa kwenye shida zaidi. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, akafungua friji, akatoa kikombe, akanywa maji.

Siku ya chanjo ya mtoto, dobi na binti walitoka kabla ya mapambazuko, kwa sababu mjini ni mbali na foleni haina huruma. Mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amefungwa kwa shuka la jana, na mwanga wake uliwaonyesha mashimo ya njia. Binti alisikiliza juu.

"Zinavuma vizuri," alisema. "Betri imeshiba. Wenzangu wameosha vizuri jana."

"Mnajua kazi," dobi alisema, na alimaanisha.

Hawakuwa na haja ya kuuliza njia. Walizifuata nyaya, kwa kuwa zilikuwa zinakwenda huko huko.